Signali zangu zinawaka kijani, treni zinagongana: msaada kwa reli ya mezani

Mkuyuni Relini

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, maelezo ni marefu, lakini nikifupisha mtaniuliza yaleyale ninayoyakimbia.

Mimi ni fundi simu, meza yangu iko Makoroboi hapa Mwanza, na nyumbani ni Mkuyuni, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu aliyeishi Ujerumani alirudi na boksi la treni za Märklin, kipimo cha HO, yaani kitu halisi ukigawanye mara 87. Reli zake zina kitanda cha plastiki cha kijivu; katikati kuna vinundu vya umeme, na reli mbili za pembeni ndizo njia ya kurudia. Nina vichwa viwili vya dizeli, mabehewa 14, na transfoma mbili za kuzungusha kitasa.

Kwenye chumba cha uani nimefunga plaiwudi ya mita 5.2 ukutani. Kushoto ni Mwanza South na gati la meli ya mabehewa, katikati Fela, mwisho Mantare. Njia moja tu, kama ilivyo kweli. Najua katikati hapo nimeruka vijiji vya watu na mawe yote ya Mwanza, lakini plaiwudi ndiyo iliyoamua.

Sasa signali. Nimetengeneza sita za aina ya mkono unaopanda na kushuka, nimezichonga kwa bati la kopo la maziwa, nyekundu na mstari mweupe, kila moja inasukumwa na servo ndogo (kimota cha kugeuza mkono) inayoongozwa na Arduino, yaani bodi ndogo ya kompyuta. Nikibonyeza kitufe mkono unashuka, taa inakuwa kijani. Wageni wanapiga picha. Nilijiona nimemaliza kazi.

Jumapili iliyopita binti yangu wa darasa la sita alikuwa stesheni masta wa Mantare, mimi nikashika Fela. Nikaipa kijani treni yangu ya mizigo. Yeye, kwa wakati uleule, akaipa kijani treni yake ya abiria. Zote zikatoka. Zikakutana uso kwa uso, behewa la mwisho la abiria likadondoka kwenye simenti, kiungio kikakatika. Binti hakulia. Aliniuliza tu: "Baba, kwani hizo taa zinajua nini?"

Nimekosa jibu mpaka leo. Ukweli ni kwamba hazijui chochote. Mkono unashuka hata kama pointi (reli ya kugeuza njia) imeelekea lupu, ile njia ya pembeni ya kupishania, hata kama njia ina treni, hata kama mwenzangu ameshaachia yake. Ni mapambo.

Na si hilo tu. Umeme ukikatika ukarudi, mikono yote sita inatetemeka kama ina degedege, na mara nyingine mmoja unabaki umeshuka kijani bila mtu kuugusa. Halafu lupu yangu ya Fela ina sentimita 95, wakati treni ya mizigo, kichwa na mabehewa sita, ni mita 1 na sentimita 4. Na hata mambo yote yakienda vizuri, safari nzima inaisha ndani ya nusu dakika tukabaki tunatazamana.

Ninachotaka ni watu wawili wafanye kazi ya reli kama reli. Mwenye uzoefu, iwe wa mezani au wa reli yenyewe, anisaidie.

DagaaMkavu

Mtu mzima, una familia, unacheza treni ukutani. Uza hizo Märklin ununue boda, utanishukuru.

Mkuyuni Relini

Boda haina signali, mkuu.

OhmMoja

Mkuu, kabla ya signali naanza na kitu kitakachokuua. Umesema una transfoma mbili. Je, swichi zako zinaweza kuziunganisha zote mbili kwenye kipande kimoja cha reli?

Mkuyuni Relini

Natumia swichi za kawaida za taa za ukutani. Fela ninayo moja, Mantare anayo moja. Zikiwashwa zote, ndiyo, kipande cha katikati kinapata kutoka pande zote mbili. Ndivyo ilivyokuwa siku ya ajali.

OhmMoja

Basi mshukuru Mungu kwamba kilichovunjika ni kiungio. Transfoma inafanya kazi kwenda na kurudi. Ukiunganisha mbili upande wa reli, halafu mtu akachomoa moja ukutani, ile iliyobaki inaisukuma iliyochomolewa kinyumenyume, na kwenye meno ya plagi aliyoishika mkononi panakuwa na volti 230. Mtoto wa darasa la sita ndiye anayechomoa plagi, si wewe.

Toa swichi za taa leo hii. Weka swichi ya kuchagua yenye kituo katikati: kushoto ni transfoma ya Fela, katikati zima, kulia ni transfoma ya Mantare. Haiwezekani kabisa kushika zote mbili kwa pamoja.

Bado kuna pale kichwa kinapovuka mpaka wa vipande viwili. Kile kitelezi cha chini yake ni kirefu, kitagusa vinundu vya pande zote mbili kwa sekunde moja. Kwa hiyo transfoma zote mbili lazima ziwe zinapanda na kushuka pamoja. Unganisha nyaya za kahawia, weka vitasa sawa, kisha pima kati ya nyaya nyekundu mbili. Ukipata karibu na sifuri, sawa. Ukipata mara mbili ya volti za transfoma moja, moja imegeuka. Plagi za Kijerumani ni za mviringo, unazichomeka kwenye adapta upande wowote, kwa hiyo geuza moja tu, upime tena, halafu weka alama ya rangi kwenye plagi na kwenye adapta ili asije mtu akaigeuza wakati wa kufagia.

Sasa servo. Degedege linatokana na Arduino kuamka huku waya wa amri ukiwa hauna bwana. Kwenye programu andika nafasi ya "simama" kwanza, ndipo uunganishe servo, si kinyume chake. Zipe servo umeme wake wa volti 5, zisinyonye kwenye bodi, na weka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu nazo. Mkono ukishafika, iachie servo ipumzike. Na usiushushe kwa mkupuo. Digrii moja kila milisekunde 20, utaona unavyopendeza.

Kuhusu taa "kujua" kama njia ina treni, una bahati kuliko wenye reli mbili. Mabehewa ya Märklin hayana kizuizi kati ya gurudumu na gurudumu, ekseli inapitisha umeme. Geuza kipande cha reli yako ya kijivu: chini utaona vibati vinavyounganisha reli mbili za nje. Vikate, tenga reli moja kwenye ncha zake mbili, basi ekseli yoyote itakayopita inaiunganisha tena. Hapo umepata mlinzi asiyelala. Usiipeleke moja kwa moja kwenye Arduino, pitisha kwenye optokapla PC817 (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga) yenye rizista ya ohm 470 kwa volti 5. Magurudumu yana uchafu, mawasiliano yatakatikakatika, kwa hiyo mwambie hivi: ukigusa tu, njia ina treni, lakini usiseme iko tupu mpaka sekunde 2 zipite kimya.

Na mbele ya kila signali weka kipande kisicho na umeme mpaka mkono ushuke. Mtu akipita nyekundu, treni inakufa yenyewe. Mgongano utausikia kwa wenzako.

Mzee wa Bendera

Nimefanya kazi relini miaka mingi, nyingi kati yake kama stesheni masta katika vituo vya pori kaskazini mwa Tabora, sasa nimestaafu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha mjadala huu. Kijana wa waya ameandika vizuri, na hilo la plagi nimelisoma mara mbili. Ila mmeanzia mkiani.

Mwanangu wa Mkuyuni, binti yako alikuuliza taa inajua nini. Kwenye njia moja, taa si ya kujua. Anayejua ni mtu wa kituo A na mtu wa kituo B, na kila mmoja hajui mpaka mwenzake amwambie. Signali inamwambia dereva yale ambayo hao wawili wameshakubaliana. Nyinyi mlishusha mikono kabla hamjasemezana.

Kwa hiyo jambo la kwanza, mrudi mkae msionane. Weka pazia, au yeye akae nje ya mlango. Kati yenu kuwe na kengele tu. Waingereza wana mapigo yao ya zamani na yanatosha kabisa kwa meza: pigo moja, "nisikilize", na mwenzako anarudisha moja. Tatu, pumziko, moja: "njia iko wazi kwa treni ya abiria ya kusimama vituoni?" Kama iko wazi, anarudia vilevile. Kama haiko wazi, anakaa kimya. Kimya nacho ni jibu, na watu wengi wa siku hizi hawaliwezi. Treni ikitoka, piga mbili. Ikishafika nzima, na yeye ameona taa ya mkiani kwa macho yake, anapiga mbili, pumziko, moja: imetoka njiani. Mapigo sita mfululizo ni hatari, kila kitu kisimame. Mizigo mtaitungia yenu, ilimradi muwe mmeiandika.

Na kila pigo liandikwe kwenye kitabu na saa yake. Sitanii. Kitabu ndicho kinachokukumbusha kwamba uliahidi njia dakika nne zilizopita, kabla hujaitwa kula.

Pili, mpe dereva kitu cha kushika. Sisi tulikuwa tunamkabidhi karatasi ya laini klia, yaani kibali cha kuingia njiani, treni ikipita bila kusimama anaidaka kwenye kitanzi. Penginepo walitumia kijiti au kibao. Cha meza kinaweza kuwa kijiti cha mshikaki chenye maandishi FELA–MANTARE. Kipo kimoja tu duniani. Asiyekishika haingii, hata mkono ungeshuka mara kumi.

Lakini kisome! Tarehe 26 Januari 1921, kituo cha Abermule kule Wales, kulikuwa na mashine za kutoa vibao, mashine nzuri tu, haiwezekani kutoa viwili kwa wakati mmoja. Treni ikaingia, dereva akatoa kibao cha kipande alichotoka. Kikapita mikono miwili mitatu ya wafanyakazi, kila mmoja akidhani mwenzake ameshakiangalia, mwisho kikarudishwa kwa dereva yuleyule. Naye akakipokea akidhani ni cha mbele, akaondoka. Walikufa watu 17. Kibao kilikuwa na jina lake limeandikwa. Hakuna aliyelisoma.

Kuhusu kukata umeme mbele ya signali, mimi sipendi. Dereva anayezimiwa treni hajifunzi kutazama. Mwache apite nyekundu, mwandikie barua ya kujieleza.

OhmMoja

Mzee shikamoo. Naheshimu, ila barua ya kujieleza haigundi behewa lililovunjika.

Mzee wa Bendera

Marahaba. Gundi ipo madukani.

Mkuyuni Relini

Shikamoo Mzee. Nimecheka halafu nikaona aibu, maana kweli hatukusemezana, na tulikuwa mita mbili tu kati yetu.

Swali juu ya kijiti. Tuseme kiko Fela. Nimetoa treni ya kwanza kwenda Mantare, imekwenda nacho. Nataka kutoa ya pili kwenda hukohuko, na Mantare hakuna treni ya kurudi. Kijiti kiko kule, mimi niko huku. Nimrushie binti aniletee?

Mzee wa Bendera

Ukikirusha umeua maana yake. Kijiti hakitembei bila treni.

Treni ya kwanza haikichukui. Dereva anaonyeshwa kijiti kwa macho, anakigusa, halafu anapewa tiketi ya karatasi iliyosainiwa: "Kijiti nimekiona, naruhusiwa." Kijiti kinabaki Fela. Mantare akishapiga mbili-moja, ndipo treni ya pili inaondoka, na hiyo ndiyo inayokibeba. Kwa hiyo kabla ya kutoa treni yoyote unajiuliza: inayofuata itatoka upande gani? Ukikosea kuwaza, utakaa na treni iliyojaa na huna cha kumpa dereva. Hapo ndipo ratiba inapopata uzito.

Sasa lupu. Sentimita 95 na treni ya 104, hilo ni tatizo la reli halisi pia, usihuzunike. Kwenye kupishana, inayopaswa kuenea ni moja tu. Treni ya abiria, kichwa na mabehewa matatu, itaenea lupu?

Mkuyuni Relini

Inaenea, inabaki nafasi ya kama kiganja.

Mzee wa Bendera

Basi fupi iingie lupu, itangulie. Ndefu isubiri nje ya signali ya kuingilia hata kama imefika mapema, na hapo dereva ataona njaa. Paka alama nyeupe kati ya njia mbili pale zinapokaribiana; behewa la mwisho la abiria lazima liwe ndani ya alama, si juu yake. Ukishaona mkia uko ndani, rudisha pointi, shusha mkono wa ndefu. Ndefu isisimame Fela, maana itaacha mkia nje au pua mbele. Ipite polepole, ipokee kibali ikitembea, ile iliyoingia lupu ndiyo iliyokileta. Ukiona mkia wa ndefu umevuka, umepokea kibali chake cha kule ilikotoka, ndipo abiria waendelee.

Utaona una mambo kumi ya kufanya kwa mpangilio mmoja tu. Ulisema kazi inaisha nusu dakika?

OhmMoja

Kuhusu nusu dakika: punguza kasi. Treni ya kilomita 40 kwa saa, ukigawanya kwa 87, ni kama sentimita 13 kwa sekunde. Mita 5.2 zako zitachukua sekunde 40, na hapo hujasimama popote. Halafu tumieni saa ya uongo: dakika moja ya ukutani iwe dakika 6 za mezani. Dakika kumi mmepata saa nzima ya ratiba. Simu mbovu yenye kioo kizima unazo nyingi, ibandike moja ukutani iwe saa.

Bandarini

Naona hapa Mwanza South imetajwa kwa juujuu, na ndiko kwenye utamu. Mimi nilikuwa kibarua gatini enzi za meli za mabehewa. Mkuu, meli yako umeifanyaje?

Mkuyuni Relini

Ni ubao umepakwa rangi, na reli mbili juu yake. Kichwa kinaingia na mabehewa, kinayaacha, kinatoka.

Bandarini

Kichwa kinaingia! Hapana. Kichwa kizito hakipandi kwenye daraja la gati. Unaweka mabehewa mawili matatu matupu kati ya kichwa na mzigo, yawe kama mkono mrefu: kichwa kinabaki nchi kavu, mkono unaingia melini kusukuma au kuvuta. Kwa hiyo unahitaji mabehewa matupu ya kazi hiyo pekee, na mtu akiyachanganya kwenye treni ya Fela, gati limekufa.

Pili, meli inalala. Ukijaza reli ya kushoto yote kwanza, inainama kushoto, na daraja linajipinda. Unapakia kwa zamu, mawili huku, mawili kule. Kila zamu ni kushanti upya, yaani kupanga mabehewa. Kwa binti wa darasa la sita hiyo ni hesabu ya nusu saa, tena nzuri.

Daraja liwe na bawaba, maana ziwa halikai palepale. Mwaka 2020 lilipanda watu wakashangaa. Na huo ubao usiugongelee misumari. Uwe wa kuchomoa: meli "imeondoka" maana yake unaubeba na mabehewa yake unaweka juu ya kabati. Kesho unarudi na mabehewa mengine. Kwa njia hiyo mabehewa 14 yanakuwa na mahali pa kutoka na mahali pa kwenda.

DagaaMkavu

Nimeanza kwa kucheka, sasa nimesoma yote. Hiyo meli ina dagaa?

Mkuyuni Relini

Wiki tatu baadaye. Naleta mrejesho, na picha nitaweka bando likiruhusu.

Swichi za taa nimezing'oa siku ileile. Transfoma moja kweli ilikuwa imegeuka, kipimo kilinionyesha volti 31 nikakaa chini. Plagi sasa zina rangi ya kucha, nyekundu kwa nyekundu.

Arduino nimeistaafisha kwenye signali, OhmMoja usinichukie. Nimeibakiza kwenye saa na kwenye mlinzi wa ekseli. Sababu ni binti: alitaka kuona *kwa macho* kwa nini mkono haushuki, na programu haionekani. Kwa hiyo signali ya kutokea ya Fela nimeifanya mnyororo wa waya mmoja. Umeme unatoka, unapita kwenye soketi ya earphone, unapita kwenye swichi ndogo niliyoitoa kwenye mausi mbovu ya kompyuta (imekaa chini ya pointi, inabonyezwa na ulimi wake ukifika mwisho kabisa), unapita kwenye kitufe cha stesheni masta, ndipo unafika kwenye koili ya rilei, ile swichi inayovutwa na umeme. Kiungo kimoja kikikosekana, rilei haivuti. Rilei isipovuta, ni nyekundu. Taa nyekundu nimeiunganisha kwenye upande ambao rilei inagusa ikiwa *imelala*, na inakula pawabenki. Umeme ukikatika mtaani, Fela nzima inabaki nyekundu. Juzi ulikatika saa mbili usiku, chumba giza, taa sita nyekundu zimetulia. Nilisimama pale nikasahau hata kuwasha tochi.

Mkono wenyewe hauna servo tena. Unavutwa na koili ya redio kaseti ya zamani, na nyuma ya mkono kuna risasi ya nyavu niliyopewa na mvuvi wa Igogo. Nyuzi ikikatika, risasi inaurudisha kusimama. Nilikata nyuzi kwa makusudi mara tano. Mara tano ulirudi, na unadunda kidogo ukifika, tak-tak, kama ule wa kweli.

Kibali ni kichwa cha earphone iliyokufa, ndani nimeunganisha ncha na mwili. Kiko kimoja. Kukichomeka kunakamilisha mnyororo, na hapo tu kale kakipande ka sentimita 20 mbele ya signali kanapata umeme. Mzee, samahani, nimekata umeme kwa signali za kutokea tu. Za kuingilia nimewaachia madereva macho yao. Kichwa kikishatoka, dereva anachomoa earphone, mkono unaruka kusimama nyuma yake, na kibali anakiweka ndani ya behewa la wazi. Kinasafiri na treni! Kikifika Mantare binti anakitoa kwa vidole viwili kama mwiba wa sato.

Ya Abermule niliisoma usiku sikulala vizuri. Kwa hiyo kibali cha Mwanza South–Fela si earphone. Ni pini ya chaja ya Nokia, ile nyembamba. Earphone haiingii kwenye soketi yake hata ukitumia nyundo.

Sasa tatizo la Jumamosi. Treni ya abiria haina behewa la wazi, kwa hiyo dereva anaweka kibali mfukoni. Nilikuwa na mizigo yangu nje ya signali ya Fela, mabehewa sita ya kwenda Mantare. Abiria wakatoka Mantare, wakaingia lupu vizuri, mkia ndani ya alama. Nikapiga mbili-moja, safi. Nikanyoosha mkono nje ya pazia nipewe earphone.

Kimya.

Nikapiga moja. Kimya. Nikapiga tena. Nikakumbuka maneno ya Mzee kwamba kimya ni jibu, nikakaa. Saa ya ukutani ikasogea, dakika 40 za mezani, mzigo unangoja nje, mkono umesimama. Nikafungua pazia. Hakuna mtu. Mama yake alikuwa amemtuma dukani kununua unga, na kibali pekee cha Fela–Mantare kilikuwa kinakata mtaa wa Mkuyuni kwenye mfuko wa sketi.

Mzee wa Bendera

Aliandika kwenye kitabu kabla ya kuondoka?

Mkuyuni Relini

Aliandika, Mzee. "Saa 9:52. Kibali ninacho mimi. Naenda kwa Mangi." Na sahihi yake.

Mzee wa Bendera

Basi kosa ni lako. Ulipaswa kusoma kitabu kabla ya kupiga kengele.